Biobanki ya Jamii, Biobanki ya Ugonjwa au Kampuni ya Vipimo: Sampuli Yako Uipeleke Wapi?

Mtu anayeombwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti huona sehemu ndogo sana ya kazi yenyewe. Huona sindano, huona kichupa chenye kifuniko cha zambarau, huona mhudumu akikipindua taratibu mara nane au zaidi ili damu ichanganyike na dawa inayoizuia isigande, kisha hupewa pamba ya kubana mkononi na kuagwa. Baada ya hapo kichupa huingizwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, na kinapotolewa damu huwa imejitenga katika matabaka matatu: juu kuna majimaji ya manjano, chini kuna chembe nyekundu zilizoshikamana, na katikati kuna utando mwembamba mweupe ambao jicho lisilozoea linaweza kuupita bila kuuona. Utando huo ndio wenye chembe nyeupe, na humo ndimo vinasaba hutolewa, kwa sababu chembe nyekundu zilizokomaa hazina kiini. Kila tabaka hugawanywa katika vichupa vidogo zaidi, kila kimoja kikiwa na alama yake ya kusomwa na mashine, na vyote huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, au kwenye baridi kali zaidi ya mvuke wa naitrojeni.

Hadi hapo biobanki nyingi, yaani hifadhi za sampuli za mwili kwa ajili ya utafiti, zinafanana. Zinapoachana ni katika kile kinachofuatana na kichupa, yaani taarifa zako za leo na za miaka ijayo. Damu isiyo na taarifa humfundisha mtafiti machache, ilhali damu hiyohiyo ikiunganishwa na miaka ishirini ya kumbukumbu za hospitali inaweza kufichua chanzo cha ugonjwa, na pia inaweza kumfichua aliyeitoa. Faida na hatari zinakaa mahali pamoja. Kwa hiyo katika ulinganisho huu sitashughulika sana na ukubwa wa benki wala ubora wa majokofu yake. Nitatazama zaidi taarifa hizo zinadumu muda gani, ziko mikononi mwa nani, na ni nani mwenye uwezo wa kuzikatisha.

Mtu wa kawaida anaweza kukutana na njia tatu. Ya kwanza ni biobanki ya jamii, inayokusanya sampuli za watu wazima wengi, wazima wa afya kwa wagonjwa, bila kuchagua ugonjwa. Ya pili ni biobanki ya ugonjwa, ambayo aghalabu huwa ndani ya hospitali au kituo cha utafiti na hukusanya sampuli za wenye tatizo fulani. Ya tatu ni kampuni inayouza vipimo vya vinasaba kwa mtu mmoja mmoja, halafu ikamwomba mteja aruhusu matokeo yake yatumike katika utafiti.

Biobanki ya jamii

Mfano unaojulikana zaidi ni UK Biobank ya Uingereza, iliyosajili watu wapatao 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya mwaka 2006 na 2010. Walitoa damu na mkojo, wakapimwa, wakajibu maswali kuhusu maisha yao, na wakaruhusu kumbukumbu zao za afya zifuatiliwe. Watafiti walifunguliwa milango mwaka 2012, na mwishoni mwa mwaka 2023 jenomu kamili (yaani mpangilio wote wa vinasaba) za karibu washiriki wote zilikuwa tayari kwa uchambuzi. Nguvu ya mpango wa namna hii ni kwamba haukungoja watu waugue. Walipotoa damu wengi wao walikuwa wazima, na baadhi yao wakaja kupata saratani, kisukari au ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo mtafiti anaweza kurudi kwenye damu iliyohifadhiwa kabla ya dalili ya kwanza na kuuliza ni kitu gani kilikuwa kimeshaanza kubadilika. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa damu iliyochukuliwa baada ya mtu kulazwa.

Hata hivyo neno «jamii» lisichukuliwe kijuujuu. Ili kupata washiriki hao, walialikwa watu milioni 9.2, na waliokubali walikuwa asilimia 5.5 tu. Waliojitokeza walikuwa na afya bora kuliko wananchi wenzao wa umri huo na wavutaji sigara miongoni mwao walikuwa wachache. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa mno ya washiriki ina asili ya Ulaya. Benki hiyo inafaa sana kuonyesha uhusiano kati ya kitu na kitu, lakini haifai kusomwa kama picha ya nchi, seuze ya dunia.

Kasoro hiyo ina uzito kuliko inavyosemwa. Mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 79 ya washiriki katika tafiti za jenomu nzima walikuwa na asili ya Ulaya, na vipimo vya kukadiria hatari ya ugonjwa vilivyojengwa juu ya takwimu hizo hufanya kazi vibaya zaidi kwa watu wa asili nyingine, hasa wenye asili ya Afrika. Ndiyo sababu mpango wa Marekani uitwao All of Us, uliofunguliwa kwa nchi nzima mwaka 2018 ukilenga watu milioni moja au zaidi, ulijiwekea sharti la kuyatafuta makundi yaliyoachwa nyuma. Ndiyo sababu pia mradi wa H3Africa, wa utafiti wa vinasaba na afya barani Afrika, ulioendeshwa kati ya mwaka 2012 na 2022, ulijenga biobanki Abuja, Kampala na Johannesburg badala ya kusafirisha kila sampuli kwenda ng'ambo.

Katika kundi hili hili, Finland na Estonia zina ubora ambao nchi nyingi hazina, nao ni kumbukumbu za afya zilizopangwa vizuri ambazo huunganishwa kwa namba moja ya utambulisho ya mwananchi. FinnGen, mpango wa Finland ulioanza mwaka 2017, ulikusudia kuwafikia Wafini 500,000, nao haukulazimika kumfuata kila mmoja nyumbani kumuuliza ameugua nini, kwa kuwa rejista za hospitali, za dawa na za vifo zilikuwa zikiandikwa kwa miongo mingi kabla yake. Estonia ilitunga sheria mahususi ya utafiti wa jeni za binadamu mwaka 2000, na leo benki yake ina watu zaidi ya 200,000, takriban mtu mzima mmoja kati ya watano. Kwa maoni yangu sheria iliyotangulia benki ni dalili njema kuliko jengo lolote.

Biobanki ya ugonjwa

Hapa idadi hupungua na undani huongezeka. Mgonjwa wa saratani anapofanyiwa upasuaji, kipande cha uvimbe kinaweza kuhifadhiwa kando ya damu yake au tishu isiyo na ugonjwa iliyo jirani, na mtafiti akayalinganisha mawili hayo ya mwili mmoja ili kujua ni mabadiliko yapi mtu alizaliwa nayo na yapi yalitokea ndani ya uvimbe. Mpango wa Marekani uitwao The Cancer Genome Atlas, ulioanza mwaka 2006, ulifanya hivyo kwa aina 33 za saratani na sampuli zaidi ya 20,000. Benki kubwa ya jamii isingeweza kuifanya kazi hiyo, kwa sababu damu ya mtu mzima wa afya haina uvimbe wa kuchunguzwa.

BioBank Japan, iliyoanza mwaka 2003, inasimama katikati ya aina hizi mbili. Ilikusanya wagonjwa wapatao 200,000 wenye magonjwa 47 kutoka hospitali mbalimbali, na hivyo ina wingi unaokaribia wa benki ya jamii pamoja na undani wa hospitalini. Upungufu wake ni ule wa kila benki ya wagonjwa: inawajua waliougua na kufika hospitali, haiwajui waliobeba jeni ileile na wasiugue kamwe. Mtafiti asiyekumbuka jambo hilo hukuza hatari ya jeni kuliko ilivyo.

Benki nyingi za ugonjwa ni ndogo, hutegemea taasisi moja, na mara nyingine hutegemea jokofu moja. Mwaka 2012, katika hospitali moja karibu na Boston inayohifadhi bongo za binadamu kwa utafiti, jokofu liliharibika bila king'ora kulia. Kipimajoto cha nje kilikuwa kikionyesha nyuzi 79 chini ya sifuri, kumbe ndani kulikuwa na nyuzi 7 juu ya sifuri. Bongo zipatazo 150 ziliyeyuka, na karibu theluthi moja zilitoka kwa watu waliokuwa na usonji. Sampuli ya aina hiyo hutolewa na familia iliyo katika msiba, na haipatikani mara ya pili. Kwa hiyo ukiombwa sampuli na benki ndogo, si ukosefu wa adabu kuuliza kama vichupa vyako vimegawanywa katika majokofu mawili yaliyo sehemu tofauti. Wanaofanya kazi hii kwa uaminifu hulifurahia swali hilo.

Jinsi aina mbili zilivyohitajiana

Anayefikiri kwamba lazima moja kati ya aina hizi iwe bora kuliko nyingine atazame historia ya jeni iitwayo PCSK9. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza familia za Kifaransa zenye kolesteroli ya juu sana ya kurithi waligundua kwamba baadhi yao walikuwa na mabadiliko katika jeni hiyo yaliyoifanya ifanye kazi kupita kiasi. Hiyo ilikuwa kazi ya sampuli za ugonjwa: watu wachache, tatizo moja, uchunguzi wa kina. Lakini ugunduzi huo peke yake haukutosha kumwambia mtengeneza dawa kama ni salama kuizuia jeni hiyo.

Jibu lilitoka kwa watu wasiokuwa wagonjwa. Mwaka 2005 watafiti walichunguza watu wenye kolesteroli ya chini kabisa katika utafiti wa jamii wa mji wa Dallas, Marekani, wakakuta kwamba takriban asilimia 2 ya washiriki Wamarekani Weusi walikuwa na mabadiliko yanayoizima nakala moja ya PCSK9, na kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40. Miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya mabadiliko hayo yalikuwa nadra mno. Mwaka uliofuata ikachapishwa taarifa ya utafiti mwingine wa jamii uliokuwa umewafuatilia washiriki kwa miaka 15, na ikaonekana kwamba Wamarekani Weusi waliokuwa na mabadiliko hayo walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 88. Dawa za kwanza za kuizuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015.

Ugunduzi huo una mafunzo mawili kwa anayechagua. La kwanza ni kwamba bila Wamarekani Weusi kuwamo katika utafiti wa Dallas, jibu lisingeonekana wakati ule, ingawa dawa iliyopatikana inawafaa watu wa kila asili. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni ile miaka 15. Damu ilichukuliwa siku moja, lakini kilichoipa maana ni watu waliokubali kupigiwa simu, kupimwa tena na kufuatiliwa rekodi zao mwaka baada ya mwaka. Anayetoa sampuli na kukataa ufuatiliaji hajakosea, ni haki yake, ila ajue kwamba sehemu kubwa ya mchango wake amebaki nayo nyumbani.

Kampuni ya vipimo

Katika njia hii mtu hutema mate kwenye kichupa, hulipa, na baada ya wiki chache hupata maelezo ya asili yake na pengine ya afya. Wengi huitikia ombi la utafiti kwa kubonyeza kisanduku tu. Takwimu zilizopatikana hivyo zimetumika katika tafiti za kweli, na sikubaliani na wanaozidharau, lakini kwa kipimo nilichochagua njia hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Taarifa za afya hutokana zaidi na majibu ya mteja mwenyewe, na aghalabu hazina rejista ya hospitali nyuma yake. Isitoshe, hatima ya taarifa hufuata hatima ya biashara. Kampuni ya 23andMe, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kufikia wateja wapatao milioni 15, ilivamiwa na wadukuzi mwaka 2023, wakafikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mali iliyokuwa ikigombewa ilikuwa hasa vinasaba vya wateja. Mwishowe ilinunuliwa na shirika lisilo la faida linaloongozwa na mwanzilishi mwenza wake, ila mteja aliyebonyeza kisanduku miaka kumi nyuma hakuwa na kauli katika uamuzi huo zaidi ya kufuta akaunti yake.

Ridhaa: kwa swali moja, kwa maswali yote, au kwa kuulizwa tena

Ridhaa mahususi hukubali utafiti mmoja uliotajwa. Ridhaa pana hukubali utafiti wowote wa afya utakaoidhinishwa na kamati ya maadili. Ridhaa endelevu humpa mshiriki njia ya kuulizwa kila jambo jipya linapozuka, kwa kawaida kupitia mtandao. Biobanki za jamii hutegemea zaidi ridhaa pana, na sababu yake inaeleweka, kwani aliyetoa damu mwaka 2006 asingeweza kutajiwa tafiti za mwaka 2024.

Ubaya wa kuvuka mpaka wa ridhaa unaonekana katika kisa cha Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani. Katika miaka ya 1990 walitoa damu wakiamini kwamba inatumika kuchunguza kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwatesa. Baadaye waligundua kwamba imetumika pia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuoana kwa ndugu wa karibu, na kuhama kwa mababu zao, jambo ambalo lilipingana na simulizi lao takatifu la asili yao. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2010, wakalipwa dola 700,000 na wakarudishiwa sampuli zilizobaki. Katika kisa hiki naona tofauti ambayo fomu nyingi huificha. Madhara hayakuwa ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Yaliwapata watu wote wa kabila, hata wale ambao hawakutoa damu. Kuondoa majina kwenye vichupa hakukuwalinda.

Ridhaa pana si mbaya kwa hiyo, lakini inahitaji kitu cha kuishika: kamati yenye wawakilishi wa washiriki, orodha ya tafiti zilizoidhinishwa inayosomeka na kila mtu, na njia ya kujitoa iliyoelezwa wazi. Kujitoa kwenyewe kuna madaraja. UK Biobank, kwa mfano, hutofautisha kati ya mshiriki asiyetaka tena kupigiwa simu, asiyetaka taarifa mpya ziendelee kuchukuliwa, na asiyetaka chochote chake kiendelee kutumika. Hata daraja la mwisho halifuti matokeo yaliyokwisha kuchapishwa, na fomu isiyolisema hilo haijakamilika.

Kuhusu majibu

Wengi hudhani watapewa matokeo yao. Inategemea. UK Biobank kwa kawaida haimrudishii mshiriki matokeo yake ya vinasaba. All of Us, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, humpa anayetaka taarifa kuhusu jeni kadhaa zinazohusishwa na magonjwa makubwa na pia jinsi mwili wake unavyopokea baadhi ya dawa. Estonia inampa mshiriki haki ya kujua na haki ya kutojua, na hiyo ya pili ni muhimu sawasawa na ya kwanza. Ikiwa lengo lako kuu ni kujua hali yako kwa sababu ugonjwa fulani umewaandama jamaa zako, biobanki si mahali pake. Nenda kliniki ya ushauri wa kijeni, ambako kipimo hufanywa kwa ajili yako, na kuna mtu wa kukueleza maana yake.

Namna ninavyoamua

Aliye mzima wa afya na yuko tayari kufuatiliwa kwa miaka, ningemshauri biobanki ya jamii, hasa ikiwa anatoka katika kundi lisilowakilishwa sana, mradi sampuli ziongozwe na sheria au mkataba wa wazi na watafiti wa jamii yake wawe na nafasi ya kuzitumia. Mwenye ugonjwa adimu au saratani ataleta tofauti kubwa zaidi kwenye benki ya ugonjwa wake, ambako sampuli mia moja zinaweza kufanya kazi ambayo nusu milioni za watu wenye afya haziwezi kuifanya. Hakuna kinachomzuia kujiunga na zote mbili. Kampuni ya vipimo ningeiweka kwa mwenye shauku ya nasaba yake tu, na kisanduku cha utafiti nisingekibonyeza hadi nisome kinachotokea kampuni ikiuzwa.

Fomu yoyote ile, mimi huanzia nyuma, kwenye kurasa zinazoeleza mwisho wa mambo: mradi ukiisha, fedha zikikatika, mshiriki akifariki. Ufadhili wa utafiti huja kwa vipindi, ilhali jokofu linahitaji umeme kila siku, na benki iliyofikiria siku hiyo huiandika. Nikikuta ukimya hapo, huuliza, na jibu likiwa la kuzungukazunguka sitii saini siku hiyo.

Kuna hatua moja zaidi ambayo hakuna fomu inayoilazimisha. Mwaka 2018 polisi wa California walimtambua mtuhumiwa wa mauaji ya miongo mingi nyuma kupitia ndugu zake wa mbali waliokuwa wamepakia vinasaba vyao kwenye hifadhi ya nasaba ya mtandaoni. Yeye mwenyewe hakuwa ameweka chochote. Hifadhi ile haikuwa biobanki ya utafiti, na biobanki nzuri huwekewa vizuizi ambavyo yenyewe haikuwa navyo, lakini vinasaba ni vilevile: nusu ya vyako iko kwa kila mtoto wako, na nusu ulipewa na kila mzazi. Kabla ya kutia saini, waketishe wale wa karibu, uwaambie unachotaka kufanya na benki gani, na usikilize wanachosema.